Nani awahesabu kozi wa Mufindi?

Novemba ikiingia Igowole, wilayani Mufindi, macho ya watu huwa ardhini. Mvua za kwanza zimenyesha au ziko njiani, mbegu za mahindi zinatafutwa, mbolea inapigiwa hesabu, na anayechelewa kupanda anajua atakavyolia mwezi wa tano. Jioni, manyunyu yakishakatika, kumbikumbi wanatoka vichuguuni kwa maelfu na watoto wanawakimbilia na mabeseni. Wakati huohuo, juu ya vichwa vyao, wanapita ndege walioanza safari Siberia na kaskazini mwa China, wakavuka India, wakavuka bahari, na sasa wanashuka kusini mwa Afrika wakiwafuata kumbikumbi haohao.

Ndege hao ni kozi wa Amur, waliopewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Ni wadogo mno kwa safari yao. Kozi mmoja ana uzito wa gramu 150 hivi. Parachichi dogo la Mufindi humzidi. Hata hivyo, kwenda na kurudi kila mwaka humgharimu zaidi ya kilomita 20,000. Dume ana rangi ya majivu yaliyokolea, karibu na moshi, miguu yake ni ya rangi ya chungwa iliyoiva, na manyoya ya mapajani na chini ya mkia ni ya kutu. Akiyafungua mabawa, upande wa ndani una weupe unaoonekana hata bila darubini, na huo weupe ndio unaomtambulisha akiwa mbali. Jike ana mashavu meupe na kifua cheupe chenye michirizi na madoa meusi, kiasi kwamba mtu asiyewajua angeapa ni ndege wawili tofauti.

Ukimpata kwenye darubini akiwa anakula, usiiondoe haraka. Humnasa kumbikumbi kwa mguu akiwa anaruka, akaupeleka mguu mdomoni bila kutua, mabawa ya mdudu yakadondoka, naye keshageuka kumfuata mwingine. Kundi la kozi mia mbili likifanya hivyo juu ya shamba moja la chai linaonekana kama halina mpango wowote. Lakini hakuna anayemgonga mwenzake, na hakuna anayerudi nyuma. Wanakula huku wanasonga kusini.

Hawako peke yao. Kuanzia Oktoba wanakuja tai wa nyika kutoka Kazakhstan, Urusi na Mongolia, ambao tangu mwaka 2015 wamo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wanakuja shakivale kutoka Urusi, kozi wadogo wekundu wanaozaliana kuanzia Hispania hadi Asia ya Kati, na wale vipanga wenye mabawa marefu wanaoruka chinichini juu ya majani ya uwanda wa Kitulo wakitafuta panya na panzi. Kwa mkulima wa Igowole wote hao wanaitwa mwewe, na anayewaona kwanza anapiga kelele ili kuku akusanye vifaranga. Kwa kozi wa Amur kelele hizo ni za bure. Chakula chake ni wadudu: panzi, mbawakawa, kumbikumbi. Kifaranga hana haja naye.

Hoja yangu ni fupi. Nyanda za Juu Kusini ziko kwenye njia kuu ya ndege hawa, na tungeweza kuwahesabu kila mwaka kwa gharama ndogo mno. Tunapaswa kufanya hivyo.

Kuhesabu ndege wala nyama wakiwa safarini ni kazi ya siku nyingi duniani, na mara nyingi hufanyika kando ya maji. Sababu iko kwenye hewa. Jua likishaipasha ardhi joto, mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, hewa iliyo juu yake huanza kupanda. Tai na shakivale, ambao ni wazito na wana mabawa mapana, huitafuta nguzo hiyo ya hewa, huyatandaza mabawa na kuzunguka ndani yake mpaka juu kabisa, kisha huteleza kuelekea waendako wakishuka taratibu hadi wakute nguzo nyingine. Wanaweza kusafiri hivyo kutwa nzima karibu bila kupiga bawa. Juu ya ziwa au bahari hewa haipandi namna hiyo. Ndege akifika ufukweni anakataa kuvuka, anafuata ukingo, na wenzake waliotawanyika kwa mamia ya kilomita wanajikuta wamebanwa kwenye ujia mmoja mwembamba. Hapo ndipo mwenye darubini huweka kiti chake.

Huko Duluth, kwenye ncha ya Ziwa Superior nchini Marekani, kuna kilima kiitwacho Hawk Ridge ambako hesabu ya kila msimu wa majani kupukutika imefanyika tangu mwaka 1972. Siku moja ya Septemba 2003 walipita ndege zaidi ya 100,000 mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama kando ya barabara. Huko Batumi, Georgia, pwani ya Bahari Nyeusi imebanwa na milima ya Kaukasi, na tangu mwaka 2008 watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege zaidi ya milioni moja kila msimu. Hao wa Batumi wanatuhusu. Miongoni mwao wamo walewale shakivale, tai madoa wadogo na vipanga wa uwandani ambao wiki chache baadaye huwa Afrika. Kati ya hapo na hapa kuna mlango mwingine, Bab el-Mandeb, baina ya Yemeni na Djibouti. Mwaka 1987 Geoff na Hilary Welch walikaa upande wa Djibouti wakahesabu zaidi ya 240,000.

Baada ya kuvuka Bab el-Mandeb na kuiacha Ethiopia nyuma, ndege wanatawanyika. Afrika Mashariki ni pana, nguzo za hewa moto ziko kila mahali, na hakuna bahari ya kuwabana. Hilo ndilo linalofanya hesabu ya kwetu iwe ngumu kuliko ya Batumi. Lakini si kila mahali ni tambarare. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na huko Matema milima ya Livingstone inasimama wima pembeni mwa maji. Ndege mzito anayetoka kaskazini akifika Kyela hana budi kuchagua upande. Na hapa Mufindi kuna ukingo wa Uzungwa, ambako ardhi inaporomoka kutoka mita 1,900 hivi hadi bonde la Kilombero lililo kwenye mita 300. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unaugonga ukingo huo na kulazimika kupanda. Kwa mkulima upepo huo ni ukungu na baridi inayoifanya chai ya Mufindi istawi. Kwa tai ni ngazi.

Kozi wa Amur hahitaji ngazi. Yeye hupiga mabawa, na ndiyo maana anathubutu jambo ambalo tai mwenye uzito mara ishirini ya wake halithubutu: anakatisha bahari wazi. Vifaa vya satelaiti vimeonyesha ndege mmoja mmoja akitoka kaskazini-mashariki mwa India na kufika Somalia kwa siku kama tano bila kutua, usiku na mchana. Anakula nini juu ya bahari? Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyefanya kazi Maldivi kwa miaka mingi, alitoa hoja kwamba mamilioni ya kerengende nao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki msimu huohuo, wakibebwa na upepo uleule, na kwamba kozi huenda wanasafiri na chakula chao njiani. Anayekaa kando ya bwawa la Ngwazi, katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi, kwenye mwinuko wa mita 1,800 na zaidi, atawaona kerengende wa rangi ya dhahabu wakizagaa juu ya maji baada ya mvua, na juu yao kozi. Hoja ya Anderson inakuwa rahisi kuiamini ukiwa hapo.

Bwawa la Ngwazi ni dogo. Haliwezi kuwabana ndege kama Ziwa Superior linavyofanya. Faida yake ni nyingine: limeacha uwazi mkubwa katika nchi iliyojaa miti, na anayesimama ukingoni anaiona mbingu karibu yote, kutoka upeo hadi upeo. Maji yanaita wadudu, wadudu wanaita ndege. Na kuizunguka wilaya yote kuna milingoti.

Milingoti ndiyo inayoweza kuipa Mufindi nafasi ya pekee. Kozi wa Amur hawalali mmoja mmoja. Jioni hukusanyika kwa mamia, pengine maelfu, kwenye miti mirefu michache, na kusini mwa Afrika miti wanayoipenda zaidi ni milingoti iliyopandwa karibu na makazi ya watu. Januari 2010 mtafiti Bernd-Ulrich Meyburg na wenzake waliwanasa kozi kadhaa karibu na mji wa Newcastle, Afrika Kusini, wakawafunga vifaa vya satelaiti, na ndipo dunia ilipoanza kuiona njia yao yote. Kwa ndege wa namna hii si lazima umwinde angani saa sita mchana macho yakitoka machozi. Unakwenda kwenye mti wake saa kumi na moja jioni, unakaa, unamngoja arudi nyumbani.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi wake, na mtu huujifunza kwa jioni mbili tatu. Huwezi kuhesabu kundi linapozunguka, kwa sababu ndege yuleyule atapita mbele yako mara tano. Unangoja watoke kwenye mzunguko na kujipanga mstari, ndipo unahesabu wanaokatiza alama uliyoichagua, mti au nguzo ya umeme. Wakiwa wachache unahesabu mmoja mmoja. Wakiwa wengi unahesabu kumi, unaukariri ukubwa wa hao kumi, kisha unawapima waliobaki kwa kumikumi. Watu wawili wanahesabu kundi moja bila kuambiana, halafu wanalinganisha. Wakitofautiana sana wanaandika idadi zote mbili. Mtu wa tatu anaandika tu: saa, upande wanakotoka, upande wanakoelekea, mawingu, upepo, mvua. Jioni isiyo na ndege hata mmoja nayo inaandikwa, sifuri, kwa sababu bila sifuri hizo huwezi kujua msimu ulianza lini na ukaisha lini. Vijana wengi wanadhani sifuri ni kazi iliyopotea. Kwa anayesoma takwimu miaka kumi baadaye, sifuri ya tarehe 10 Novemba ina thamani sawa na elfu mbili za tarehe 30.

Nguvu ya idadi ilionekana India. Oktoba na Novemba kozi hawa hukusanyika kwenye bwawa la Doyang, wilaya ya Wokha, jimbo la Nagaland, kula na kunenepa kabla ya bahari. Mwaka 2012 wahifadhi waliofika huko waliwakuta wavuvi wametandaza nyavu zao mitini badala ya majini. Walikadiria kwamba katika msimu mmoja walinaswa kozi kati ya 120,000 na 140,000, wakauzwa kama kitoweo. Idadi hiyo iliishtua India na ulimwengu. Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi ni la mwaka uliofuata. Halmashauri za vijiji, makanisa, vijana na serikali ya jimbo walikaa pamoja, wakapitisha sheria zao za kijiji, na msimu wa 2013 uwindaji ule ulikoma. Novemba hiyohiyo kozi watatu walifungwa vifaa vya satelaiti na kupewa majina ya mahali hapo: Naga, Wokha na Pangti. Watu waliokuwa wakiwala mwaka mmoja kabla wakaanza kuulizana wamefika wapi.

Ndege walionusurika Doyang ndio haohao wanaokuja upande wetu. Sisi hatuwategi kwa nyavu, lakini njia za kuwapoteza ziko, na nyingine hazina kelele. Huko Usangu, wilayani Mbarali, wakulima wa mpunga wana vita ya haki na kwelea kwelea, na silaha ya serikali kwa miaka mingi imekuwa kunyunyizia makundi hayo sumu ya fenthioni. Sehemu nyingi za Afrika zimeshuhudia ndege wala nyama wakiwaokota kwelea waliolewa sumu na kufa pamoja nao. Tai wa nyika, ambaye hupenda kufuata makoloni ya kwelea kwa ajili ya makinda, yumo hatarini moja kwa moja. Simlaumu mkulima anayeona mpunga wake unaliwa. Nasema tu kwamba bila hesabu hakuna atakayejua tumepoteza nini.

Wamarekani walijua kwa sababu walikuwa wamehesabu. Mwaka 1934 mwanamke aitwaye Rosalie Edge alikodi mlima mmoja huko Pennsylvania ambako wawindaji walikuwa wakiwapiga risasi ndege wala nyama kwa maelfu. Akamweka hapo Maurice Broun kuulinda, na Broun akaanza kuandika idadi ya ndege wanaopita. Mlima huo, Hawk Mountain, bado una mhesabuji hadi leo. Miaka ya 1950 daftari lake lilionyesha kwamba tai wachanga walikuwa wanapungua huku wakubwa wakiendelea kupita, maana yake tai walikuwa wanataga lakini hawapati makinda. Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichoishtaki dawa ya DDT. Kabla ya maabara kutoa jibu, daftari la mlimani lilikuwa limeshauliza swali.

Mufindi ina swali lake jipya, na lina mabawa matatu. Mwaka 2020 mradi wa Mwenga ulianza kuzalisha umeme wa upepo wilayani humu, megawati 2.4 kwa mitambo mitatu, wa kwanza wa aina yake nchini. Ninaufurahia, vijiji vinahitaji umeme, na upepo haupeleki moshi popote. Mitambo mitatu ni michache. Lakini kwa muda mrefu Makambako, jirani tu kwa barabara kuu, imekuwa ikitajwa kwa mashamba makubwa zaidi ya upepo, na upepo anaoutaka mwekezaji ndio anaoutaka tai. Kenya wamelikabili suala hili. Huko Kipeto, kaunti ya Kajiado, vijana wa jamii ya Kimaasai wameajiriwa kukaa na darubini na kuagiza mtambo uzimwe tai au tumbusi anapoukaribia. Misri hufanya vivyo hivyo kwenye Ghuba ya Suez wakati wa msimu wa kupita. Ili ujue saa na mwezi wa kuzima mtambo, lazima kwanza ujue ndege hupita lini na wangapi.

Kuna suala la miti pia, nalo ni gumu kulisema katika wilaya inayoishi kwa mbao. Sao Hill ni shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, na kila mwenye ekari moja Igowole anafikiria kupanda misindano au milingoti kwa ajili ya ada za watoto. Kozi hupata pa kulala. Pa kula panapungua, kwa sababu wadudu wake wanaishi kwenye majani, malisho na mashamba ya wazi. Kupanda miti tumefundishwa kuwa ni wema usio na doa. Kwa ndege wa uwandani si hivyo, na mabonde machache yenye majani yaliyobaki kati ya mashamba ya miti yanafaa kutazamwa kama mali.

Nchi hii si mgeni wa kazi ya namna hii. Januari 1995 ilifanyika hesabu ya ndege wa majini katika maziwa na mabwawa ya Tanzania. Neil na Liz Baker, wakiwa Iringa, wameendesha kwa miaka mingi mradi wa ramani ya ndege wa Tanzania, ambao kumbukumbu zake zimetoka kwa watu wa kila kona. Shirika la Nature Tanzania linaratibu wapenda ndege wenye uwezo wa kufundisha. Kinachokosekana ni mahali pamoja, jioni zilezile, kila mwaka.

Ningependa mahali hapo pawe Igowole na Ngwazi. Msimu wenyewe ni kuanzia wiki ya tatu ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Hapo pana tatizo la ratiba: kidato cha nne wako kwenye mitihani au wameshamaliza, na shule zinafungwa ndege wanapoongezeka. Kwa hiyo klabu za shule peke yake hazitoshi. Inafaa waingie walinzi wa mashamba ya chai, ambao wako nje jioni hata hivyo, maofisa ugani, na vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri matokeo na hawana la kufanya kwa wiki kadhaa. Darubini mbili zinatosha kwa kundi la watu sita. Kazi ya kwanza ni kuzunguka kata kwa kata kuuliza ni milingoti ipi inayojaa ndege jioni Desemba, kwani wenye nyumba zilizo chini yake wanaijua kwa kelele na kwa vinyesi. Kisha waichague mitano, waipe namba, na wakae chini yake siku moja kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja hadi giza la saa moja kasoro. Machi na Aprili kozi wanarudi kaskazini wakiwa wamebadili manyoya, na miti ileile inafaa kutazamwa tena, ingawa ukungu wa Mufindi miezi hiyo utawanyima wahesabuji jioni nyingi. Jioni hizo nazo ziandikwe: ukungu, haikuonekana.